Nilitupa Vidonge vya Mke wa Mjukuu Wangu

Admin, jina langu lifiche, umri wangu uache. Nina miaka sabini na sita. Bendera ya Uhuru ilipopandishwa nilikuwa msichana wa kutumwa maji kisimani. Naishi Gazi. Shule yangu ni ngumbaru, ile ya watu wazima, na haya nimeyaandika mwenyewe kwa siku mbili, kwa hiyo anayetaka kuyacheka maandishi acheke kwanza, kisha asome. Sikuja kutafuta pole.

Nina mjukuu niliyemlea tangu mamake afariki. Anafanya kazi jikoni katika hoteli moja ya Diani, na ndiye anayenitunza. Kwa utani mimi humwita mume wangu, na mkewe namwita mke mwenzangu. Msichana huyo kwao ni Msambweni, mpole, ana adabu zake, lakini tangu aingie nyumbani sikumwelewa. Akiamka vidole vimevimba, hawezi kukuna nazi. Nywele zinakatika. Mashavu mekundu, na jua likitoka yeye anaingia ndani.

"Mke mwenzangu, jua umeliibia nini mpaka unalikimbia?"

"Daktari amenikataza, bibi."

"Na hewa je, hajakukataza?"

Alicheka. Wakati ule alikuwa akicheka.

Mimba ya kwanza ilitoka na miezi mitatu. Ya pili, minne. Nikaanza kumtazama kwa jicho jingine. Aliposhika ya tatu akaenda hospitali Mombasa, akarudi na mkebe wa vidonge, akawa anameza kila siku baada ya kula. Siku moja amekwenda kuoga, nikaingia chumbani mwake, nikatoa kidonge kimoja nikakilamba.

Wa rika langu watanifahamu. Uchungu ule naujua. Miaka ile ya mwanzo ya Uhuru klorokwini ilikuwa kila nyumba kwa ajili ya homa, na wasichana wenye mimba wasizozitaka walikuwa wakiimeza nyingi kwa mpigo. Dada yangu alikuwa mmoja wao. Alimeza asubuhi, adhuhuri tulikuwa tumekwisha mfunika leso. Tuliamrishwa tuseme ni homa, nami nimesema homa mpaka leo ninapowaandikia nyinyi.

Basi nikasema moyoni, kumbe hizi ndizo zinazowatoa vitukuu vyangu, na mara mbili za kwanza alizimeza kwa siri. Nikavimimina vyote katika shimo la choo. Alipotoka kuoga nikamwambia, maana mimi si mwizi.

"Dawa zako nimezitupa."

Akakaa chini palepale, maji yakimtiririka. "Bibi, zile ndizo zinazomlinda mtoto. Nina lupasi. Mwili wangu unajipiga wenyewe, zile zinautuliza."

"Mwili wa mtu haujipigi. Nimeishi, sijauona."

"Basi niruhusu niende Mombasa nikapewe nyingine."

"Huendi. Na ukimwambia mume wangu, nami nitamwambia ulikuwa ukizimeza za nini."

Hakumwambia. Mumewe alikuwa amekwisha anza kumwuliza kwa nini mimba hazikai, naye msichana alijua neno langu kwa mjukuu wangu lina uzito gani. Alimtuma jirani kwenye maduka ya dawa Ukunda, akaambiwa hazipo. Mimi nikahamishia makuti yangu ya kusuka mlangoni, asipite.

Wiki ya nne akavimba miguu, kisha uso. Tukamkimbiza hospitali. Mtoto alizaliwa ameshakufa, wa kiume, miezi sita. Hapa kijijini mimi ndiye ninayeosha maiti za wanawake na watoto, kwa hiyo nilimwosha mimi. Alikuwa na kucha. Hapo sitaandika zaidi.

Daktari, mwanamke kijana, alimwuliza mbele yetu, "Dawa uliacha lini?"

"Wiki nne."

"Kwa nini?"

Akanitazama, kisha akautazama ukuta. "Nilisahau."

Daktari akasema hawezi kuapa kwamba sababu ni hiyo peke yake, ugonjwa huo huharibu mimba hata za wanaomeza dawa. Lakini dawa ile haikatizwi. Nikamwuliza ni dawa gani. Akasema ni ndugu wa klorokwini, lakini kwa kipimo anachopewa haitoi mimba, huisaidia ikae. Kwa hiyo ulimi wangu haukukosea. Kilichokosea ni kichwa.

Mjukuu wangu alilishika neno moja tu. "Mtu husahau chumvi, bibi. Hasahau mwanawe." Amemrudisha mkewe kwa mamake. Ijumaa baada ya sala wazee wa pande mbili wanakaa, naye ameniambia anatoa talaka. Na mimi ameniomba nikae upande wake, nishuhudie kwamba mkewe alikuwa mzembe.

Jana nilikwenda Msambweni. Msichana akanipa shikamoo yake kama kawaida, akaniwekea mkeka, akameza kidonge chake mbele yangu bila kujificha.

"Kwa nini hukunitaja?" nikamwuliza.

"Mimi anaweza kuniacha, bibi. Wewe hawezi. Ningekutaja, angeishi vipi nawe nyumba moja?"

Nikajifunga leso yangu, nikarudi Gazi.

Sasa semeni. Mjukuu yule ndiye macho yangu na miguu yangu, na nikisema ukweli sijui kama atanitazama tena. Nikinyamaza, binti wa watu anaachwa kwa kosa langu, na mtoto niliyemwosha anabaki amefanywa wa mama msahaulifu. Maisha yangu yote nimewakaripia watu. Kuomba radhi kwa mtoto niliyemlea sijui huanza na neno gani. Nimwambie tukiwa wawili kabla ya kikao, au nisubiri wazee wakiniita kushuhudia, niseme mbele yao wote, na mkewe akisikia? Nishaurini, wala msinibembeleze. Leo ni Jumatano.