Bubu Akipanda Gari

Kwao walimwita Bubu, na si kwa ubaya. Sauti alikuwa nayo kama watoto wengine, ila alikuwa mtu wa kusikiliza. Wageni wakija aliketi pembeni ya kochi, akatabasamu pale ilipobidi, na wakati wa kuaga kuna aliyemvuta mama yake kando kuuliza kama binti anaumwa. Hata alipokuwa mtu mzima, fundi wa kutengeneza cherehani wa kuaminika, jina halikumtoka.

Kisha ofisi yake ikaanza kumtuma miji ya mbali, kwenye karakana za ushonaji, kutengeneza mashine ambazo mafundi wa huko walishanyoosha mikono. Alisafiri kwa magari ya kukodi, akichangia nauli na watu asiowajua. Huko ndiko hofu ilikomvamia. Wengine huogopa gari kwa sababu waliwahi kupata ajali. Yeye hakuwahi kupata hata mkwaruzo. Siku moja tu, gari likikata kona, alijikuta ameng'ang'ania kiti cha mbele kwa mikono miwili, na tangu siku hiyo kila lori lililotokea mbele aliliona linamfuata yeye. Mguu wake ulikanyaga breki isiyokuwepo, na akifika alikofika goti lilimuuma kama aliyepanda mlima.

Dawa aliipata kwa bahati. Safari moja, kando yake aliketi mwanamke aliyepakata mfuko wa maji wenye samaki wa mapambo. Hofu ilipombana, alijikuta akimuuliza samaki hao wanalala namna gani. Mazungumzo yakawabeba mpaka mwisho wa safari. Baada ya hapo hakushikika. Alipiga soga na mchonga mihuri, na muuguzi aliyekuwa anaikimbia harusi yake mwenyewe, na mwamuzi wa mpira aliyemwambia kwamba tangu aanze kazi hajawahi kushangilia bao. Mdomo ulimwenda kama cherehani. Wasafiri waliagana naye kwa kicheko, wakisema safari bila mtu kama huyu hainogi.

Akirudi nyumbani, maneno yalimkauka mlangoni. Mama aliuliza, "Safari?" Alijibu, "Salama." Basi. Akajilaza akijigeuza kitandani, akijihisi kama mwanamume mwenye nyumba mbili zisizojuana. Yule wa barabarani alikuwa nani? Na huyu wa kochini alikuwa amechoka lini kuwa peke yake?

Mambo yaligongana siku kaka yake aliponunua gari. Lilikuwa la mtumba, limepakwa rangi upya, na kaka alitaka walizindue kwa kwenda kumwona shangazi yao, aliyehamia mji wa milimani.

"Funga mkanda, Bubu," kaka alisema, akiwasha injini kwa mbwembwe.

Dada alijikaza. Alikalia viganja vyake, akahesabu nguzo za umeme, akauma ulimi. Walipoanza kupanda mlima wakawa nyuma ya lori la mbao, ulimi ukaponyoka.

"Kaka, umewahi kuongea na mwamuzi wa mpira?"

"Na nani?"

Akamweleza. Akaunganisha na muuguzi, akaruka kwa samaki, bila kuvuta pumzi. Kaka alimtupia jicho kama mtu aliyesikia kabati linaimba. Kisha akawasha taa ya pembeni na kuanza kulipita lori.

"Usilipite."

"Unasemaje?"

"Rudi nyuma yake. Huoni ng'ambo ya kona."

Sauti ilikuwa ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Kaka alirudi kabla hajajua kwamba ametii. Walipomaliza kona, barabara ilikuwa nyeupe, hakuna hata baiskeli.

"Umeona?" kaka alifoka. "Hakukuwa na kitu."

"Sasa ndiyo tumejua."

Kaka aliegesha gari mbele ya kibanda cha kuziba pancha, akazima injini.

"Nani kakufundisha kuongea hivyo?"

"Hofu," alijibu. "Naogopa gari, kaka. Nisipoongea nahisi nitafungua mlango niruke."

Alitarajia acheke. Badala yake kaka aliinua mikono kutoka kwenye usukani, akamwonyesha. Viganja vilikuwa vimelowa chapachapa.

"Tangu ninunue hili gari silali vizuri," alisema. "Mke wangu anadhani nina furaha."

"Kwa nini humwambii?"

"Mimi ndiye niliyepiga kelele mwaka mzima kwamba nataka gari." Alifuta mikono kwenye suruali. "Yule muuguzi, mwishowe aliolewa?"

"Alishuka kabla hajaniambia."

"Basi mwozeshe wewe. Ongea tu, mikono inatulia."

Wakaenda taratibu nyuma ya lori, naye akimwozesha muuguzi kwa kila mwanamume aliyemkumbuka, kaka akikataa mmoja baada ya mwingine.

Shangazi aliwapokea kwa mikono miwili. Aliwatembeza vyumba vyote, akawaketisha, akamshika mpwa wake shavu. "Huyu Bubu wangu hajabadilika hata chembe," alisema. Kaka akamgeukia dada yake, akingoja. Dada alifungua kinywa. Hakukutoka kitu. Alitabasamu pale ilipobidi, halafu akatoka uani, akawa anazunguka kamba ya nguo kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Kaka alimfuata. "Nilidhani utaongea."

"Na mimi nilidhani."

Tangu safari hiyo kaka hakumwita tena Bubu, ingawa wengine waliendelea. Mara kwa mara humpigia simu akimwomba amsindikize sokoni tu, asikie habari za abiria mpya. Mezani kwa mama, dada bado ni wa maneno mawili matatu, na yanamwasha kifuani yale yanayobaki.

Juma moja alitumwa tena safari. Aliyeketi naye alikuwa bwana mwenye koti la kijivu. Kabla hajaulizwa chochote, bwana huyo alisema kwa upole, "Samahani dada, mimi garini siongei. Nasikia kichefuchefu." Gari likaondoka. Dada akageukia dirisha, na midomo yake ikaanza kucheza bila sauti.