Bluu ya Zahran

Zahran bin Suwaid alikuwa mcheshi wa ofisi yao ya utabiri wa hali ya hewa, Maskati, na utani mwingi ulihusu kompyuta yake mwenyewe. Kwenye ramani, wenzake waliiona mvua kwa kijani, njano na nyekundu. Yake ilikuwa bluu tupu, kuanzia iliyofifia hadi iliyokolea kama wino. Programu ya ramani ya wakati huo ilikaa ndani ya kila mashine, na kila mtu alipanga rangi apendavyo. Wakamwita shabiki wa bluu, naye akacheka nao na kuwamiminia kahawa. Hakuna aliyechimba zaidi.

Ukweli ni kwamba Zahran, tangu kuzaliwa, hakujua nyekundu ni ipi na kijani ni ipi. Utotoni kwao Rustaq alitumwa kuchuma tende zilizogeuka nyekundu, akarudi na mbichi, akaitwa mvivu. Siku ya kupimwa macho ili aajiriwe, alisimama mlangoni akamsikiliza aliyemtangulia akitaja namba zilizofichwa ndani ya vitone vya rangi, akazikariri zote. Akaingia, akazitaja, akapita. Mtasema huo ni udanganyifu. Ndiyo, ulikuwa udanganyifu, na aliishi nao roho mkononi miaka yote ile. Lakini kwa bluu yake alifanya kazi safi. Mawingu yalipojikusanya mchana juu ya milima, mara nyingi yeye ndiye aliyetangulia kuona ni bonde gani litajaa maji, watu wakaambiwa wasivuke.

Kisha ikaja amri ya kuhamia mtandaoni. Programu ya kwenye mashine ingefutwa, na ramani ingefunguliwa popote penye mtandao, ofisini, nyumbani, hata kwenye simu ya mfuga ngamia. Aliyeiunda ni Ibtihal, mhandisi msichana mwenye bidii ya mchwa, na kazi yake ilikuwa nzuri, simnyimi sifa zake. Rangi zikawa moja kwa wote, watu wasichanganyikiwe. Alipouliza kama kuna mwenye neno, Zahran alitazama kikombe chake.

Mkewe Zuwaina, aliyekuwa akimchagulia rangi za vilemba, ndiye pekee aliyeijua siri. Jioni hiyo hakumpa nafasi ya kupumua.

"Baba Hilali, mwambie yule binti. Rangi tu hizo, si anaweza kuzibadilisha?"

"Nimwambie nini? Kwamba niliingia kazini kwa mlango wa nyuma, mzee mzima mimi?"

"Kwani watakufukuza?"

"Watanicheka, Mama Hilali. Bora kufukuzwa."

Zuwaina alimwambia kwamba maisha ya watu si mahali pa kuonea haya. Zahran akainuka akaenda kulala. Mimi nampenda Zahran, lakini hapo alinikera, na bado ananikera.

Akajikaza. Ramani mpya ilimwonyesha madoa ya rangi ya udongo, yote yakifanana, kwa hiyo alibofya sehemu moja baada ya nyingine asome tarakimu. Kazi ya kupepesa jicho ikamlia nusu ya zamu. Hadi mchana mmoja wa kiangazi, mawingu yalipofumka juu ya Rustaq kwa kasi asiyoweza kuifukuzia kwa kidole. Alibofya pembeni mwa doa, akaona tarakimu ndogo, akaandika: mvua nyepesi.

Yarubu, mwenzake wa zamu, alikuwa akipita nyuma yake. Akasimama.

"Zahran, hapo katikati umepaona? Pote nyekundu."

"Nimepaona. Nilikuwa nahakikisha."

Yarubu alikuwa ameshanyanyua simu. Polisi walifunga barabara, na magari yaliyokuwa yakishuka bondeni yakageuzwa yakiwa ukingoni kabisa. Maji yalipita na mbuzi na matangi, watu wakasalimika. Yarubu alidhani mwenzake amechoka tu, hakumwambia mtu. Zahran alitoka nje akampigia dada yake simu. Alikulia kando ya bonde lile, na dada yake bado alikuwa akiishi huko.

Wiki hiyohiyo aliomba kustaafu mapema, akasingizia mgongo. Akakubaliwa.

Siku ya kumuaga kulikuwa na halwa na kahawa na maneno mengi mazuri. Ibtihal alisogea na kompyuta yake mkononi.

"Ami Zahran, kabla hujatukimbia, hebu tazama hii."

Akagusa kitufe pembeni, na ramani nzima ikageuka bluu. Zahran aliiona mvua palepale, ilipo nyepesi na ilipo nzito, bila kubofya popote. Ibtihal akaeleza kwamba mwalimu mmoja wa mji wa Ibra aliwaandikia kuwa macho yake hayatofautishi nyekundu na kijani, naye ana wanafunzi wanaovuka bonde kila siku. Sasa kila mtu angejichagulia rangi, na kazi yenyewe ilimchukua mchana mmoja.

"Huyo mwalimu," Zahran akauliza, "hakuona haya kuandika?"

"Haya ya nini, ami? Si macho tu?"

Zahran akalia mbele ya watu wote. Yarubu alimkumbatia, akawaambia wengine wamwache, mzee ana uchungu wa kuacha kazi. Wote wakamgeukia kwa huruma, Ibtihal naye akishika mkono wake.

Zahran akajifuta uso, akasema ndiyo, ni uchungu huo tu.