Mtu wa Kengele na Kete Saba za Okeyo

Enzi zetu sukari haikuja ndani ya mfuko wa plastiki. Mwenye duka pale kwetu Sori, kando ya ziwa, aliichota kwa kikombe cha bati, akaimwaga juu ya karatasi, akaizungusha karatasi mpaka ikawa kama pembe ya mbuzi, akaukunja mdomo wake, basi. Karatasi zenyewe zilitoka Kisumu kwa mafungu yaliyofungwa kwa kamba ya katani: magazeti ya zamani, madaftari ya ofisi, na mara mojamoja, ikiwa Mungu amekukumbuka, kurasa za vitabu vya picha vya Wazungu. Ndiyo maana tulipenda kutumwa dukani. Mama zetu walidhani tumeshika adabu.

Nakumbuka harufu ya kurasa zile. Zilinukia sukari, mafuta ya taa na omena, wale dagaa wa ziwani, maana Sori kila kitu kilinuka omena, hata Biblia ya baba. Bendera ilikuwa bado mpya. Ziwa lilikuwa limepanda na kumeza mashamba ya chini, na miti iliyokufa ilisimama ndani ya maji ikiwa na ndege juu yake. Tulikula nyoyo asubuhi, yaani mahindi na maharagwe yaliyolala, tukaenda shule bila viatu, tukarudi tukiwa na njaa ileile. Katikati ya njaa hizo mbili tulikuwa na mashujaa wetu.

Kurasa hazikuwa na mwanzo wala mwisho. Kiingereza tulikijua kwa kubahatisha, kwa hiyo picha ndiyo iliyotuambia nani ni nani, na majina tuliwapa wenyewe. Kulikuwa na Mama Shuka, ambaye akijifunika shuka lake hupenya ukuta. Kulikuwa na Mzee Fimbo, ambaye fimbo yake hugeuka chochote. Walipigana na wezi katika miji yenye treni zinazopita chini ya ardhi, kitu ambacho kilitushinda kabisa kukielewa. Tuliwahamishia kwetu. Katika picha, fimbo ya Mzee Fimbo iligeuka daraja la dhahabu. Okeyo akasema daraja la dhahabu hapa Sori lingeng'olewa kabla ya jua kutua, afadhali igeuke mtumbwi. Wezi wenye kofia tuliwafanya kiboko anayeharibu mtama, mamba, na mkusanya kodi.

Okeyo alikuwa mtoto wa baba yangu mdogo, yaani ndugu yangu, tukikaa boma moja. Alikuwa na miaka kumi na mmoja, mimi kumi na miwili. Wa tatu alikuwa Ouma, jirani, mtoto mwenye mdomo mkubwa kuliko mwili wake. Nyuma ya ghala la mtama tulipindua sanduku la majani ya chai likawa meza, na juu yake tukaweka bao la ajua la marehemu babu. Mashimo yake kumi na sita tukayapa majina: shule, kanisa, soko, bandari, na kadhalika. Kila shujaa alianza na kete kumi, na kete ndiyo roho yake. Badala ya dadu za kamari, ambazo baba angetuchapa kwa kuzitaja tu, tulirusha vifuniko vinne vya soda tukahesabu vilivyoangalia juu.

Kazi yangu ilikuwa kusimulia hatari na kuandika. Nilikuwa na daftari la mistari, na ndani yake kila kitu: shujaa gani ameingia siku gani, ana nguvu zipi, nani amepoteza kete na kwa nini. Waliniita Karani. Sikukasirika, nilijisikia vizuri. Mchezo tuliucheza kwa Kiswahili, ingawa nyumbani tulisema Dholuo, kwa sababu mashujaa walikuwa wageni, na wageni wote tuliowajua, bwana afya, polisi, mkusanya kodi, walizungumza Kiswahili.

Sheria yangu kubwa ilikuwa kwamba shujaa akiishiwa kete amekufa, na aliyekufa harudi. Okeyo hakuipenda.

"Karani, hebu tazama picha," alisema. "Huyu hapa ameanguka kutoka juu ya nyumba. Unafikiri ndio mwisho? Ukurasa wa pili anaamka."

"Ukurasa wa pili uko wapi?"

"Umefungiwa sukari ya mtu."

"Basi hatuna. Amekufa."

"Weee! Una roho ya mkoloni wewe," Ouma akadakia, tukacheka mpaka kuku wakatawanyika.

Likizo ya Agosti Okeyo alipelekwa kwa mjomba wake katika bonde la Lambwe kusaidia kuchunga ng'ombe. Alirudi na jipu jekundu mkononi, na homa iliyokuja na kuondoka. Mama yake alimpa majani machungu ya malaria kama kawaida. Okeyo mwenyewe alikuja mbio kwenye sanduku letu na habari.

"Omera, huko kuna inzi!" alimwambia Ouma. "Anakuuma kama sindano ya hospitali. Ng'ombe mwenyewe analia."

"Inzi akakuliza wewe na ng'ombe?"

"Nenda wewe uone."

Tukaliita shimo la kumi na tatu Lambwe. Nikaandika: *Lambwe. Inzi. Anayepita hapa anatoa kete mbili.* Chini yake, kwa sababu nilikuwa mtoto wa kuandika kila kitu, nikaandika tarehe, na kwamba Okeyo amerudi, mkono una jipu.

Wiki tatu baadaye alisinzia wakati wa mchezo, mara ya kwanza. Alikuwa ameshika vifuniko, zamu ni yake, kichwa kikaanguka kifuani. Ouma akamtekenya pua kwa unyoya. Tulicheka. Siku mbili baadaye akasinzia tena. Mimi ni mtu wa utaratibu, nikatunga sheria: anayelala mezani anakatwa kete moja. Nikaandika, *Okeyo analala. Kete moja.*

Mtu wa Kengele alikuja baada ya hapo. Huo mpangilio naujua kwa uhakika, na ndio mzigo wa habari hii yote. Ouma alimtoa kwenye robo ya sukari: mtu mrefu mwenye joho, ameinua kengele ndogo, na mbele yake askari wamelala chini kama magunia. Okeyo, ambaye shujaa wake alikuwa ameliwa na mamba siku hiyohiyo, alimdai akampata. Nikamwandika na tarehe yake na kete kumi. Kuanzia hapo, kila Okeyo aliposinzia, Ouma alipiga kifuniko kwa kijiko. "Amejipigia kengele mwenyewe!" Nami nikakata kete. *Okeyo analala. Kete moja.* Zilizokatwa zikafika saba, zikabaki tatu.

Shuleni alichapwa kwa kulala darasani. Nyumbani baba yangu, aliyekuwa mwalimu wa dini kanisani na mtu wa methali zake mwenyewe, alimwambia kila siku, "Usingizi wa mchana ni ndugu wa njaa." Usiku Okeyo hakulala. Alizunguka nje akizungumza, kisha mchana anasinzia akiwa na jembe mkononi. Akawa mkali. Mtoto aliyekuwa akitania kila mtu alimtupia mama yake bakuli la uji. Malale, ule ugonjwa wa usingizi, tuliyasikia, lakini kwetu yalikuwa jambo la watu wa bondeni huko, wala si la watu wa ziwani wanaokula samaki.

Jioni moja upepo ulivuma kutoka ziwani ukiwa na sauti ile ambayo wazee walisema ni nyawawa, roho zinazopita zikitafuta pa kuingia. Maboma yote yakaanza kupiga masufuria na mapipa ili zipite. Nyanya yetu, tuliyemwita Dani, yaani bibi kwa Dholuo, aliingia ghalani kutafuta debe la kupiga, akakuta kurasa zetu zimebandikwa ukutani kwa ugali. Alisimama mbele ya Mtu wa Kengele.

"Huyu ni nani?"

Akaigusa ile kengele kwa kidole.

"Sisi tunapiga chuma tuwafukuze," alisema polepole. "Huyu anapiga chuma awaite. Na ninyi mmemleta ndani ya boma langu."

Kuanzia siku ile Okeyo hakuwa mvivu tena, alikuwa mtoto aliyeingiliwa. Dani alimwita mganga kutoka ng'ambo ya mto. Baba hakukubaliana na mganga, lakini kuhusu picha alikubaliana na Dani kabisa. Alizichoma kurasa zote uani, Mama Shuka, Mzee Fimbo, wote, akawaita wazee wa kanisa wakaomba siku tatu. Bao la babu lilipelekwa kwa jirani. Baba akatuuliza mimi na Ouma, "Kuna kingine kilichobaki?"

"Hakuna, baba," nilisema.

Daftari, pamoja na kete saba nilizomkata Okeyo, lilikuwa ndani ya gunia la mihogo mikavu.

Nataka kulisema hili bila kulipamba. Nilijua. Nilikuwa nimelifungua daftari mara nyingi, nikaona usingizi wa kwanza uko juu na Mtu wa Kengele yuko chini, karibu ukurasa mzima katikati yao. Picha haikuwa imeleta kitu. Lakini daftari lilikuwa mwandiko wangu, jina langu liko juu, na lilionyesha nani aliyeketi akitunga uchawi huku baba yake akihubiri. Niliogopa kiboko cha baba. Mvua za vuli zikaanza zikaisha. Okeyo akaoshwa kwa dawa za mganga, akawekewa mikono na wazee wa kanisa, akakonda. Siku moja alilala na tonge la ugali mdomoni, halijatafunwa.

Bwana afya alipita kwa baiskeli akikagua vyoo. Aliponywea maji kwetu alimwona Okeyo kivulini. Alimwinua kidevu, akampapasa shingo kwa nyuma, kikombe akakiweka chini.

"Ameanza lini?"

"Tangu walipopata makaratasi ya kishetani," baba alisema. "Kama miezi mitatu."

"Amewahi kwenda Lambwe?"

"Kitambo. Alirudi mzima, alikuwa na malaria tu."

Nilikwenda ghalani. Nikarudi na daftari lenye vumbi la mihogo, nikampa mgeni badala ya kumpa baba. Alisoma akiwa amesimama. Alisoma yote, hata habari za kiboko na mkusanya kodi.

"Hapa umeandika jipu. Hapa inzi. Hapa usingizi," alisema. "Nani alikuambia uandike?"

"Hakuna mtu."

"Umelishika daftari hili muda wote huu?"

 Baba alilichukua mkononi mwa mgeni, akasoma, akanirudishia. Nilisubiri kiboko. Hakikuja siku ile wala siku nyingine yoyote, na mpaka leo ningependa kingekuja.

Landrova ilifika kesho yake mchana kumpeleka hospitali kubwa ya Homa Bay. Okeyo alikuwa macho kidogo. Nilipomfunika blanketi alinitazama kama mtu anayetafuta jina.

"Karani."

"Naam."

"Zimebaki ngapi?"

"Tatu."

"Usinikate tena. Silali kwa kupenda."

"Sikukati," nilisema. "Nitakurudishia zile saba."

"Sheria je?"

"Sheria ni yangu."

Alicheka kidogo, au nataka kukumbuka alicheka. Alichomwa sindano wiki tano. Daktari alimwambia baba mdogo kwamba wangemleta mapema dawa ingekuwa nyepesi na matibabu yangekuwa mafupi. Baba mdogo alilirudia neno hilo mbele ya watu wote alipoleta maiti, bila kumtazama yeyote, nami nilikuwa nimekaa pale. Siku ya mazishi wanaume walikimbiza ng'ombe mpaka ufukweni kwa kelele na filimbi kukifukuza kifo, kama ilivyo desturi.  Ouma alinipa vile vifuniko vinne akaenda zake.

Siku hizi watoto hawachezei nyuma ya ghala, na wengi hawana ghala. Wajukuu wangu wamekaa kwenye kochi, shingo zimepinda kama za korongo, kila mmoja na simu yake. Wana mashujaa mia, wote wana majina, wote wana rangi, na hakuna hata mmoja anayenuka omena. Nikiwaambia sisi tuliwangoja mashujaa watoke kwenye sukari wananihurumia. Na bwana afya wa sasa hahitaji baiskeli, na inzi wa Lambwe wamepunguzwa sana, hilo nalishukuru. Si kila kilichopita kilikuwa kizuri.

Mwaka jana mjukuu wangu wa mwisho alinikalia pajani akicheza. Shujaa wake akaanguka, kioo kikawa chekundu.

"Amekufa?" nikauliza.

"Eeh, lakini si kitu, Dani. Gusa hapa."

Niligusa. Akasimama palepale, akajipangusa, akaendelea kukimbia. Mtoto hakuelewa kwa nini nilimrudishia simu haraka hivyo.

Daftari bado ninalo, na ndani ya kopo la majani ya chai ziko zile kete saba, nyeusi, laini kwa kushikwa. Ukurasa wa mwisho niliuandika siku ile Landrova ilipoondoka, kabla sijajua kwamba hatarudi, kwa mwandiko ule wa utaratibu ambao baba alinisifia zamani. Unasema: *Okeyo analala. Asikatwe.*