Gari Lililonyamaza Juma la Ubatizo

Mama yangu alikubali kusafiri kutoka Beni hadi Butembo kwa sharti moja: gari liimbe njia nzima.

"Mimi ile barabara sitaipita na kimya," aliniambia huku akichambua maharagwe. "Ukinitilia nyimbo za bamama ba korali, nitafunga macho, nitafika. Nikisikia kimya, nashuka."

Sikucheka. Baba aliuawa katika barabara hiyo, lori alilopanda liliposhambuliwa, na tangu hapo mama hakuipita tena. Watoto wangu wakubwa walibatizwa Butembo bila bibi yao. Huyu wa mwisho nilimpa jina la baba, na nilitaka mama yangu mwenyewe amshike kanisani. Basi niliahidi. Nilikuwa nimerekodi korali ya parokia yake, mama akiwa katika sauti ya pili, nikazitia nyimbo kwenye flash, na spika za gari langu zilikuwa fahari yangu kuliko hata injini.

Siku hiyohiyo nilirudi Butembo kuandaa karamu. Ningemfuata Ijumaa. Kabla sijafika kijiji cha Maboya njiani, spika zilianza kukwaruza, zikaguna, kisha zikanyamaza. Redio ilikuwa inawaka, dakika za wimbo zinahesabika, lakini sauti hakuna. Nikapiga dashibodi ngumi. Mimi hasira zangu ziko karibu, wateja wangu wa vitenge sokoni wanajua. Nilimtukana aliyeniuzia gari, nikaitukana Japani nzima ilikotoka, nikayatukana mashimo ya barabara. Hasira hasara: nilichopata ni mkono kuvimba.

Nyumbani mume wangu alibadilisha fyuzi ya redio. Kimya kilekile. Kesho yake nikampelekea gari fundi mmoja karibu na soko, nikamwambia ang'oe redio hiyo atie mpya, upesi, kwa sababu nina safari.

"Maman, tusizike mutu mwenye hajakufa," alisema. "Tuulize kwanza ni nani mugonjwa."

Alichukua spika yake ndogo, akaiunganisha moja kwa moja nyuma ya redio. Akina mama wa korali wakaibuka humo, sauti nyembamba, kama wanaimba ndani ya kopo. Nilifurahi mpaka nikamshika bega. "Redio ni muzima," akasema. Akafungua milango ya gari, akagusisha nyaya za kila spika kwenye betri kavu ya tochi. Kila moja ilijibu: tak. "Na hizi ni bazima. Donc, basi, mugonjwa iko hapa katikati."

Katikati ni ampli, kile kisanduku kinachoipa sauti nguvu. Gari ni langu, lakini sikujua hata kiliko. Fundi alifuata nyaya kwa vidole chini ya zulia mpaka kwenye kiti cha abiria. Akafungua boliti, akakiinua kiti, akanitazama.

"Maman, huku ndani unapikaka?"

Kidumu cha mafuta ya mawese kilikuwa kimelala ubavu, kifuniko kimelegea. Katika joto la Beni mafuta yalitiririka kama maji. Nilipopanda kwenye baridi ya upande wa Butembo yakaganda, yakakifunika kile kisanduku chote. Ampli ikakosa pumzi, ikapata moto, ikaunguza fyuzi yake yenyewe iliyo ubavuni, ambayo mume wangu hakujua kama ipo.

Mafuta hayo nilikuwa nimeyakataa. Nilimwambia mama kwamba viti nimevivalisha vitambaa vipya, na kwamba mawese hata Butembo yanauzwa. Hakubishana. Nilipokwenda kuwaaga majirani, ndipo alipoyaficha. Kwetu hakuna mtoto anayetoka uani kwa mama yake mikono mitupu, apige kelele asipige. Nilicheka hadi fundi naye akacheka. Alikiosha kisanduku kwa alkoli ya famasi na mswaki, akakianika juani, akatia fyuzi nyingine, kisha akakiinua juu ya kibao ili kisilale tena sakafuni. Mungu ambariki mtu yule. Angeweza kuniuzia redio mpya na ningelipa bila kuuliza.

Jioni nilimsimulia mume wangu, bado nacheka. Yeye hakucheka.

"Ile mafuta ilikuwa ya nini?"

"Ya karamu ya mtoto, bila shaka."

"Mutu mwenye atakuja na miguu yake, anatuma mafuta mbele juu ya nini?"

Kicheko kikanikauka. Mama alikuwa ametuma fungu lake kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na nia ya kuja.

Ijumaa nilishuka Beni. Nilimkuta jikoni, hajafunga hata kifurushi.

"Mafuta ilifika?" aliuliza bila kunitazama.

"Ilifika, mama."

"Basi. Inatosha."

Maneno yalinijaa mdomoni, makali. Lakini niliogopa kumpoteza kwa neno moja. Nikarudi kwenye gari, nikafungua milango yote, nikawasha wimbo. Uani kote kulijaa korali. Fundi alikuwa amefanya kazi safi: ungeweza kuitenga kila sauti na kumjua mwenyewe. Mama akatoka na mwiko mkononi.

"Ile ni mimi," akasema.

Akasogea, akasogea tena, akaketi kwenye kiti cha mbele ili asikie vizuri. Akasikiliza wimbo mzima, na wa pili. Nilisimama nje nikijifanya nafuta kioo.

"Niletee kitenge yangu ya misa," akasema hatimaye. "Na ufunge mulango ya nyumba."

Tulipotoka mjini alifumba macho. Niliendesha nikiwashukuru wale akina mama mmoja mmoja, kila sauti niliyoitambua. Tulipokaribia mahali pale alipouawa baba, ambapo mimi hupita nikikaza shingo kutazama mbele, niliongeza sauti. Mkono wa mama ukaja kwenye kitufe. Akaishusha sauti hadi ikaisha. Macho yake yalikuwa wazi.

"Ni hapa?"

"Ni hapa, mama."

"Enda polepole."

Nilipunguza mwendo. Nje kulikuwa na majani tu, marefu, na mikaratusi. Alishusha kioo.

"Wasingya," alisema kwa Kinande chetu, asante, kwa sauti ya kawaida ya mke kwa mumewe. Kisha akamweleza kwamba watoto wao wote wamekua.