Alhamisi ya Dripu

Nilikuwa katika wiki ya tatu ya kungoja, mkunga aliponiuliza kama ningependa kuzaa Alhamisi.

Aliniuliza vivi hivi, kama mtu anayekuuliza kama utapita sokoni. Nilikuwa nimelala chali kwenye kitanda cha kupimia, yeye ameinama, sikio lake juu ya kile kipembe cha mti cha kusikilizia moyo wa mtoto. Alipoinuka akaandika kwenye kadi yangu, ndipo akasema.

"Daktari anakwenda likizo Jumamosi. Atakaa kwao mwezi mzima. Kwa hesabu yako mimba imekomaa. Kama unataka, Alhamisi asubuhi tunakutundikia dripu yenye dawa ya kuita uchungu, uzae yeye akiwepo. Kama hutaki, utangoja kama ulivyokuwa unangoja, na mimi nipo."

"Kuna ubaya wowote sista?"

"Hakuna. Mtoto anacheza, wewe mzima. Si lazima. Ndiyo maana nakuuliza."

Nikavaa khanga yangu nikatoka.

Nyumba ya kungojea ilikuwa banda refu la udongo na makuti, nyuma ya hospitali, huko pwani ya Kilwa. Waliwekwa humo wajawazito waliotoka mbali ili uchungu usiwakute njiani. Mimi nilitoka bara, ng'ambo ya mto Matandu, katika kijiji cha ujamaa ambacho kilikuwa hakijatimiza miaka mitatu. Nilikuja na mama yangu mzazi ili anipikie. Mume wangu alibaki na mtoto wetu wa kwanza, kwa msaada wa dada yake.

Huyo mtoto wa kwanza ndiye aliyenipeleka pwani. Alizaliwa mwezi ule ule tuliohamishwa. Tulitangaziwa siku, na siku ile lori likaja, likapakia milango, vinu, kuku waliofungwa miguu, na mimi juu na tumbo langu. Tulikofika tulikuta vigingi vya viwanja. Nyumba hazikuwapo. Nikazaa ndani ya ghala la mbegu, siku mbili za uchungu, na baada ya mtoto kutoka nikamwaga damu hadi wanawake waliokuwa wakinikalia wakaacha kuzungumza. Nilipona. Lakini mimba ya pili ilipoingia, mhudumu wa zahanati aliniambia waziwazi: "Wewe huzai tena hapa. Unakwenda hospitali, na unakwenda mapema."

Basi nilikwenda mapema. Hakuna aliyenieleza kwamba kungoja nako ni kazi. Asubuhi nilifagia uwanja, nikachota maji, nikaenda kupimwa, nikarudi kulala juu ya mkeka, nikahesabu. Miguu ilivimba. Mgongo ulikataa kulala na ulikataa kukaa. Mama yangu alikuwa na maradhi ya nyonga, na kila alipoinuka kutoka jikoni nilisikia pumzi yake ikikatika. Unga tuliokuja nao ulikuwa ukielekea chini ya gunia. Na mtoto wangu, aliyekuwa ndiyo kwanza anajua kuniita kwa jina la nyumbani, nilikuwa sijamwona tangu mwezi uliokwisha.

Nilipomweleza mama habari ya dripu, aliendelea kuchambua mboga.

"Mtoto ni mgeni," akasema. "Mgeni humwendei nyumbani kwake ukamvuta mkono."

"Daktari anaondoka, mama. Na mvua zinakuja. Mto ukijaa hakuna wa kuja kutuchukua."

"Mto haukuanza kujaa leo."

"Kwa hiyo nikatae?"

"Sikusema ukatae. Nimesema mtoto ni mgeni."

Nilitaka kulia kwa hasira. Mama hakuwa mtu wa kuzungumza kwa mafumbo. Alikuwa amechoka tu, kama mimi, na hakutaka lawama imwangukie. Jioni ile alitandika mswala akasali rakaa mbili za istikhara, kumwomba Mungu atuonyeshe lenye kheri. Asubuhi nikamuuliza ameonyeshwa nini.

"Sikuona kitu," akasema. "Nyonga imeniuma mpaka alfajiri."

Kulikuwa na mwenzetu mmoja bandani, mwanamke wa kisiwa cha Songo Mnara, mimba yake ya tano. Yeye aliulizwa kabla yangu na hakupoteza hata dakika. Mumewe alikuwa na mashua ya kuazima na asingeweza kumfuata siku yoyote anayotaka. Jumanne alitundikiwa dripu baada ya chai, na kabla ya alasiri alikuwa amekwisha jifungua mtoto wa kiume. Nilikwenda kumpa hongera. Alikuwa amekaa kitandani anakunywa uji, uso mkavu, kama aliyetoka kutwanga mpunga wa kawaida.

"Inauma zaidi?" nikamuuliza.

"Inauma kwa haraka," akasema. "Uchungu wa Mungu unakuja unapiga hodi. Huu unaingia na viatu. Lakini shoga yangu, mimi nimemaliza."

Neno lile, nimemaliza, lilinikaa kichwani siku nzima. Nilimwonea wivu ambao naona haya kuuandika.

Kilichokuwa kikinizuia ni hesabu. Mkunga alisema "kwa hesabu yako", na hesabu yenyewe niliitoa mimi. Siku ya kwanza aliponiuliza damu ya mwisho niliipata lini, nilijibu kwa sauti ya mtu mwenye hakika: kabla ya kuvuna mtama. Lakini msimu ule tulivuna mara mbili, kwanza shamba letu, kisha shamba la kijiji, na kati ya mavuno hayo mawili zilipita karibu wiki nne. Nilikuwa sikumbuki tena nilikusudia mavuno yapi. Je, kama namwita mtoto ambaye bado ana wiki nne za kukaa? Nilimrudia mkunga nikamwambia.

Hakunigombeza. Alinipima tena tumbo kwa mikono yake, polepole, akifumba macho.

"Kwa mkono wangu amekomaa," akasema. "Lakini mkono si macho. Kama ulikosea, atakuwa mdogo kidogo. Mlango wa kizazi bado mgumu, hilo nakwambia pia. Dawa inaweza kukubali, inaweza kukataa."

"Ungekuwa wewe, sista?"

Alicheka kidogo. Alikuwa mtu mzima, mwenyeji wa upande wa Newala, na siku zote alinyoosha maneno. "Mimi nimezaa watatu na hakuna aliyeniuliza ninataka lini. Sijui."

Hapo ndipo nilipotambua kilichonichosha. Kwa miaka ile nilikuwa nimezoea siku zangu kuletwa na watu wengine. Siku ya kuhama ilitangazwa. Siku ya shamba la kijiji ilipigiwa kengele, ambayo ni rimu ya gari iliyotundikwa. Siku ya mkutano, siku ya kujenga shule, zote zilikuja zimeshapangwa, na mimi nilikuwa hodari wa kunung'unika. Sasa nimeletewa siku moja mkononi, naambiwa ichukue au iache, na nikaona afadhali ningeamriwa.

Nikamwandikia mume wangu. Dereva wa lori lililokuwa likibeba korosho alikubali kufikisha barua, na siku ya Jumatano akarudi na jibu. Lazima nieleze kwamba mimi nilisoma hadi darasa la nne, na kijijini nilikuwa nikifundisha kisomo cha watu wazima, alasiri, chini ya paa la ofisi. Mume wangu alikuwa mwanafunzi wangu, tena wa nyuma kabisa, mzito wa kalamu. Barua zake zote za shida aliandikiwa na katibu wa kijiji. Hii aliiandika mwenyewe. Herufi zilikuwa kubwa, zimekandamizwa mpaka karatasi imetoboka mahali pawili, na herufi ya "n" ameigeuza kama alivyokuwa akiigeuza darasani, nami nikimsahihisha kila siku.

Iliandikwa: "Fanya unavyoona. Mtoto mzima anakula. Huku tunapalilia."

Nilisoma mara nyingi. Kwanza nilikasirika. Fanya unavyoona! Nilikuwa nimemwomba anitoe mzigo, amenirudishia. Kisha nikatazama ile "n" iliyogeuzwa, nikamwona ameinama juu ya karatasi baada ya kutwa nzima ya jembe, ulimi nje, hataki katibu ajue mambo ya mkewe. Nikaikunja barua nikaitia kwenye pindo la khanga.

Jioni nikamwambia mama, "Nitakubali."

"Haya," akasema. Akainuka kwa shida akaenda kunichemshia maji ya kuoga.

Alhamisi nilitundikiwa dripu jua likiwa bado halijawa kali. Mkunga alinifunga sindano kwenye mkono wa kushoto akaniambia nisiukunje. Nilitazama matone. Mara ya kwanza hayakunifanya kitu. Daktari akapita, kijana mpole mwenye macho ya mtu asiyelala, akaongeza kasi kidogo. Ilipokaribia adhuhuri tumbo likaanza kukaza, likaachia, likakaza. Nikasema moyoni, sasa. Mama alikaa kwenye kigoda, tasbihi mkononi, na kila nilipokunja uso naye alikunja uso.

Uchungu ule ulikuja kweli na viatu. Lakini ulikuja, ukafika mahali, ukasimama. Saa nane ulikuwa vilevile. Saa kumi ulikuwa vilevile. Mkunga alipima, akatikisa kichwa kwa daktari, wakazungumza kwa sauti ya chini. Jua lilipokuwa linazama mkono wangu ulikuwa umekufa ganzi, midomo imekauka, na mlango wa kizazi, walisema, ulikuwa umefunguka kiasi cha ncha ya kidole tu.

Daktari akavuta kigoda cha mama, mama alipokwenda kusali, akakaa.

"Dawa imekataa," akasema. "Si kosa lako. Mtoto yuko salama, maji hayajatoka. Nitaiondoa upumzike. Kesho tunaweza kujaribu tena, siku ya mwisho niliyonayo. Au tuache, aje mwenyewe. Utaniambia asubuhi."

Nilimtazama nisiamini. Niamue tena! Nilimwambia, "Daktari, nimechoka."

"Najua," akasema. "Hata mimi." Akachomoa sindano kwa upole, akabonyeza pamba, akabaki ameshika mkono wangu muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nadhani alisinzia.

Asubuhi nilisema hapana. Ningependa kuandika kwamba nilipima mambo nikaona busara, lakini haikuwa hivyo. Mwili ulikataa tu. Nilipoiona ile chupa ya dripu kwenye meza, niliuficha mkono wa kushoto ndani ya khanga. Nikamwambia mkunga nitangoja. Akasema, "Sawa, mama," akaikunja ile mipira ya dripu kama mtu anayekunja kamba ya kuanikia nguo, na hapakuwa na hukumu usoni mwake. Mama naye hakusema lolote kuhusu mgeni. Hilo namshukuru mpaka leo.

Jumamosi daktari akaondoka. Jumapili mvua zikaanza, zikanyesha kana kwamba zilikuwa zikimngoja aondoke. Banda lilivuja upande wa miguu yetu. Tulihamisha mikeka, tukahamisha tena. Tulikuwa bandani mimi na mama peke yetu, maana yule wa Songo Mnara alikwisha chukuliwa na mumewe. Nilijilaumu kwa kukubali, kisha nikajilaumu kwa kukataa, na siku nyingine nikajilaumu kwa yote mawili kwa pamoja, hadi nikachoka hata kujilaumu, nikabaki nasikiliza matone ya mvua ndani ya sufuria.

Zilipita siku kumi na mbili. Siku ya kumi na tatu, asubuhi, nilikuwa nimeinama nafua nguo, maumivu yakanishika kiunoni. Yalikwenda, yakarudi. Nikaanika nguo zilizobaki kwanza, sijui kwa nini, kisha nikatembea kwa miguu yangu mpaka wodini. Mkunga alinipima akasema, "Ehe! Leo amekubali." Kabla ya adhuhuri nilikuwa nimezaa mtoto wa kike. Damu ilikuja nyingi, kama ile ya mara ya kwanza, nikaona uso wa mama ukibadilika. Lakini mkunga alikuwa tayari na sindano. Alinichoma pajani, akakandamiza tumbo kwa ngumi mpaka nikapiga kelele kuliko nilipokuwa nasukuma. Damu ikapungua, ikakatika.

Alipomfuta mtoto alimgeuza geuza, akatazama nyayo zake na utando mweupe uliobaki makwapani.

"Huyu hajachelewa hata siku moja," akasema. "Ulivuna mara mbili kweli."

"Kama angekuja Alhamisi ile?"

"Angekuja mdogo. Angeishi, labda. Usifukue hayo."

Sikuyafukua siku ile kwa sababu nililala. Miaka iliyofuata niliyafukua sana, na sikupata chochote cha kuwaambia wanawake wenzangu isipokuwa hili: ulizeni kama mlango umelainika, na muwe na hakika ya hesabu zenu.

Mto ulipopungua, mume wangu alikuja na lori lile lile la korosho. Alimpokea binti yake, akamwadhinia sikioni, kisha akamsaidia mama kupanda mbele kwa dereva, sisi tukakaa nyuma juu ya magunia matupu. Njiani aliniuliza kama nilipata barua.

"Niliipata. Umegeuza 'n'."

"Nilijua utaiona hiyo tu," akasema.

Nyumbani mtoto wetu mkubwa alinitazama kwa mbali, akajificha nyuma ya shangazi yake. Nilimwita. Hakuja. Nilikuwa sina nguvu ya kumbembeleza, nikaingia ndani nikalala na kichanga. Siku ya tatu, nikiwa nanyonyesha mlangoni, alikuja akasimama karibu, akagusa mguu wa mdogo wake kwa kidole kimoja, kisha akakaa juu ya mguu wangu uliokuwa bado umevimba. Uliuma sana. Nikamwacha akae.