Bahasha Isiyokauka

Cheka kwanza, ucheke umalize, halafu nisikilize. Hata mchungaji wangu alitabasamu nilipomsimulia, lile tabasamu la kukuhurumia. Lakini haya yalinipata mimi mwenyewe, akili timamu, pombe sinywi na homa sikuwa nayo.

Naishi Oakdale, huku Amerika. Kazi yangu iko Eden Prairie, kwenye kampuni inayotengeneza mashine za hospitali. Nilikuja nchi hii mwanafunzi mwenye koti la kuazima, na mwaka ule, katikati ya miaka ya elfu mbili, wakubwa wakanichagua mimi, mtoto wa Morogoro, niende Vietnam wiki mbili nikafundishe mafundi wa huko. Mimi! Jamani, niacheni nijisifu kidogo. Kati ya wiki hizo mbili palikuwa na Jumamosi na Jumapili ya mapumziko, nikaamua nitakwenda Hoi An, mji wa kale wa pwani, wenye daraja lililoezekwa paa na taa za hariri kila mtaa. Nikanunua daftari, nikaanza kuzipanga siku zile mbili saa kwa saa, maana kupanga ndiyo sifa yangu.

Sifa yangu nyingine ni mizigo. Watanzania wa hapa wanajua. Ukitangaza tu kwamba unakwenda nyumbani, simu hazikomi: nipelekee viatu vya mama, nipelekee dawa za baba, nipelekee gauni la bibi harusi. Wenzangu huondoka kimya kimya kama wezi ili wasipewe kitu. Mimi sijawahi kukataa mzigo, sijawahi kuufungua, na sijawahi kuupoteza. Muulize yeyote.

Basi, Jumamosi moja ya Januari nikaenda mji wa Saint Paul, barabara ya University Avenue, kwenye mgahawa wa Wavietnam, nipate kuulizia ule mji. Ilikuwa saa kumi jioni na kiza kilikuwa kinaingia, Januari ya hapa unaijua. Nikaagiza supu ya tambi, nikafungua daftari langu. Akaja mzee mmoja mwenye koti jembamba la kahawia, akaketi mbele yangu bila kuomba. Alikuwa amelowa chapachapa. Chini ya kiti chake pakatanda dimbwi, na pembeni mwa dimbwi chumvi nyeupe. Sasa ningeshtuka nini? Hapa barabara zote humwagiwa chumvi wakati wa baridi, na kila anayeingia ndani huacha maji ya theluji na alama nyeupe. Nikamwonea huruma, nikamwagizia naye bakuli la supu.

"Shikamoo, mzee," nikasema, kwa mazoea tu.

"Marahaba," akaitika.

Naapa. Na mimi, mjinga wa mwisho, sikuona ajabu! Nilishafika kwenye gari ndipo mwili uliponisisimka.

Mzee akaligeuza daftari langu, akalisoma, akacheka huku ameziba mdomo kwa kiganja. Sikio lake la kushoto lilikuwa limekatika ncha. Akachukua kalamu yangu, akaufuta mpango wangu wote wa Jumapili, kuanzia kupanda mtumbwi mtoni mpaka fundi cherehani aliyekuwa anishonee suti. Nilikasirika! Kazi ya wiki nzima ile.

"Jumapili utakula kwa watu," akasema. Akanichorea njia: upande wa nyuma wa soko, kichochoro cha pili, nyumba ya ukuta wa manjano, mlango wa buluu. "Binti yangu anatengeneza taa pale. Mpe hii. Amenisubiri mno."

Akanipa bahasha ndogo, mbichi kwa maji. Nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyofundishwa. Nikainama kuitia ndani ya daftari, na nilipoinua kichwa kiti kilikuwa kitupu, supu yake inafuka moshi.

Nyumbani, mke wangu Mama Tumaini akaishika bahasha kwa ncha za vidole. "Imetoka kwa nani?"

"Kwa mzee mmoja."

"Anaitwa nani?"

Nikainama kuvua viatu.

"Baba Tumaini! Umepokea mzigo wa mtu hujui hata jina lake? Umerogwa?"

Lakini mtu mzima namuulizaje jina usoni? Sisi tumelelewa hivyo: mkubwa ni mzee, basi, jina lake utalisikia kwa wengine. Tumaini, binti yetu wa miaka kumi, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba ningemuuliza tu, shida iko wapi. Hawa watoto!

Tukaiweka bahasha juu ya kipasha joto. Siku tatu haikukauka. Tukaimulika kwenye taa, ndani mlikuwa na karatasi moja tu. Mama Tumaini akaigusa, akaonja kidole, uso ukambadilika. "Chumvi. Itupe. Nakuomba, mume wangu, itupe."

Jumamosi iliyofuata nikarudi mgahawani kuulizia jina. Mhudumu alinikumbuka vizuri sana. Akaniambia, "Ulikuwa peke yako. Uliagiza bakuli mbili, moja hukuigusa. Nikadhani una msiba."

Niliogopa, sifichi. Nilikaa kwenye gari dakika nyingi nikishindwa hata kuwasha injini. Lakini nikajiuliza: kuna mtu huko anasubiri, na mimi, mimi huyu, nitupe mzigo wake? Kwa sababu tu aliyeutuma ni maiti? Haiwezekani. Siku ya safari nikaitia bahasha kwenye mfuko wa shati. Uwanja wa ndege ofisa akaniuliza kama kuna mtu amenipa kitu nibebe. Nikamwambia kweli: barua ya mzee kwa binti yake. Akaimulika, akaigeuza, akanirudishia huku anafuta mkono kwenye suruali.

Jumamosi ile mchana, Hoi An, niliifuata njia ya mzee pamoja na dada mmoja wa hoteli aliyekubali kunitafsiria. Soko, kichochoro cha pili, ukuta wa manjano, mlango wa buluu. Akatoka mama wa miaka hamsini na kitu, vidole vimejaa gundi ya taa. Nikasema nina mzigo wake kutoka kwa baba yake. Akaniangalia kwa ukali, akauliza, "Baba yangu yupi? Anaitwa nani?"

Aibu niliyoiona siku ile! Nimevuka dunia nzima na sina jina la mtu. Nikagusa sikio langu la kushoto, nikaonyesha palipokatika. Nikaziba mdomo kwa kiganja, nikacheka kama yeye. Yule mama akaketi sakafuni pale pale, akanyoosha mikono miwili.

Niamini mimi: bahasha ilipogusa mikono yake, ilikauka. Ikawa kavu kama imetoka dukani sasa hivi. Ndani mlikuwa na jani la kalenda, zile za kuchana kila siku, na tarehe moja, ya hesabu yao ya mwezi mwandamo, imezungushiwa duara kwa wino.

Yule dada akanieleza. Baba aliondoka kwa mashua kukimbilia ng'ambo, mama huyu akiwa bado bibi harusi, na tangu hapo habari zake hazikusikika, miaka zaidi ya ishirini na mitano. Kwao marehemu huandaliwa chakula kila mwaka siku aliyofariki. Lakini baba yake hakuwa na siku inayojulikana. Kaka zake mama huyu walisema mzee yu hai Amerika, amewasahau, na wakakataza jina lake lisitajwe. Yeye peke yake kila jioni alimwekea bakuli mezani. Ukutani palikuwa na picha: koti lile lile, sikio lile lile, umri ule ule niliomwona nao.

Mama akaitazama tarehe ile ya baba yake kwenye jani la kalenda, akahesabu kwa vidole, akatamka neno moja.

"Kesho," akatafsiri yule dada.

Kesho yake ilikuwa Jumapili. Nilikula kwa watu. Kaka zake walikuja, wanaume wenye mvi, wakalia mbele ya picha wakiomba radhi, na mimi wakaniketisha mahali pa heshima. Ofisini nimepewa vyeti vingi, lakini sijawahi kujivuna kama nilivyojivuna kwenye mkeka ule.

Lile shati ninalo. Mfuko wake una mstari mweupe ambao Mama Tumaini ameshaufua mpaka akachoka. Kila mwaka, tarehe ile ya mwezi ikifika, mfuko hulowa wenyewe kabatini, nami nakwenda University Avenue naagiza bakuli mbili. Mhudumu hashangai tena.

Kwa hiyo wewe unayesafiri, mtu mzima akikupa mzigo, meza aibu yako umuulize jina. Ukishindwa, angalia sakafu chini ya kiti chake. Ukikuta maji, mwagizie supu, pokea mzigo, uufikishe. Usiutupe hata ukitetemeka, maana kuna mtu mahali ameweka bakuli mezani na hajui amngoje au amlilie.