Sato wa Mama Matrida Waliofika Roma

Siku niliyomwona Mama Matrida kwa mara ya kwanza, nilikuwa nimeenda kupima nyumba yake. Aliyenipeleka ni mwanawe Nicolaus, anayeishi Kitaji, Musoma mjini. Nicolaus alitaka nyumba hiyo ya Bukima, iliyo karibu na ziwa, igawanywe iwe vyumba vya wageni, na mama yake ahamie kwake mjini. Mama alikuwa amekwisha kukubali. Ila alikubali kabla hajaenda Roma.

Safari hiyo ya hija Nicolaus ndiye aliyemlipia, mama akaenda na kikundi cha parokia. Tulimkuta uani anachambua dagaa.

"Mama, fundi huyu hapa. Jumatatu anaanza."

Mimi ni mtu wa aibu. Nilimwamkia huku nikiangalia futi yangu ya kupimia.

"Marahaba," akajibu. "Fundi gani huyu anaamkia futi? Kwenu wapi?"

"Butiama, mama."

"Basi kaa kwanza. Nyumba haikimbii."

Nicolaus alikwenda kuulizia mbao, nikabaki na kikombe cha uji. Kwa kukosa la kusema, nikamwuliza Roma ikoje.

Akasukuma ungo pembeni. Aliniambia alisafiri na sato wakavu, waliokaushwa kwa moshi, amewafunga kwenye kanga ndani ya sanduku. Hajawahi kuingia kwa watu mikono mitupu, na Roma ni kwa watu. Wegesa, mwenzake wa chumba, alilalamika kila siku: "Matrida, harufu hii itatufukuzisha hotelini!" Yeye akamjibu avumilie, atampata tu mwenyeji wa kumkabidhi.

Lakini mwenyeji hakuonekana. Walipelekwa kwenye uwanja wa zamani wa mawe, ule ambamo watu waliuawa na wanyama huku wengine wakishangilia. Mama alisema alisimama pale akasikia baridi mgongoni, ingawa jua lilikuwa kali.

"Walikuwa wakatili wale. Lakini walijua kujenga, fundi. Miaka yote hiyo ukuta umesimama."

"Walitumia saruji gani?"

"Nilienda kusali, sikwenda kuuliza saruji."

Pale uwanjani kila aliyemsalimia alikuwa mgeni kama yeye. Muuza maji alikuwa mgeni, muuza miavuli mgeni, na hata Sista Rebeka aliyekuwa akiwatembeza kwao ni Tarime. Mawe ya watu waliokufa zamani yamewekewa uzio na walinzi. Watu walio hai wa mji huo hakuwaona.

Siku ya mwisho, kwenye kichochoro cha nyumba za rangi ya udongo, aliona bibi mmoja anaanika shuka dirishani. Mama akapiga hodi, akamwinulia kifurushi chake cha sato. Bibi akashuka, akanusa samaki, akacheka mpaka akashika ukuta. Sista Rebeka akawatafsiria. Bibi alizaliwa kwenye nyumba ile, na sasa ndiye peke yake aliyebaki katika kichochoro. Nyumba nyingine zote zilikuwa za kulaza wageni, watu wanafika na masanduku na kuondoka, hakuna anayemjua jina. Yeye naye alikuwa ameambiwa ahame kabla ya Krismasi.

"Alinishika mikono hivi," Mama Matrida akasema, akanishika mimi. "Akasema mimi ndiye mgeni wa kwanza kumpigia hodi. Fundi, nilikuwaga nafikiri nikihama hapa nitapumzika. Sasa nalala namwona yule bibi. Lakini Nicolaus nimwambieje? Roma nimeiona kwa mkono wake."

Niliinuka kupima, nikakaa tena.

Nicolaus aliporudi alishangaa. "Fundi, bado hujapima?"

"Nimemzuia mimi," mama akasema. "Mwanangu, asante kwa Roma. Nitakushukuru mpaka nife. Ila sihami."

"Mama, si tulikubaliana? Wageni wanakuja ziwani, watalala wapi?"

"Walale. Wajengee kule nyuma ya banda. Lakini wakipiga hodi, nani atawaitikia? Wewe uko Kitaji. Fundi huyu ataongea na futi yake."

Nicolaus alitaka kukasirika, kicheko kikamshinda. Alizunguka banda, akarudi, akazunguka tena. Kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu aliyechoka, "Haya, kapime huko nyuma."

Nilijenga vyumba vitatu. Nilipokuwa napiga lipu ya mwisho, wageni wa kwanza walifika kutoka Mwanza. Mama aliwapokea mlangoni pake, akawauliza majina yao na ya wazazi wao, akawapa samaki kabla ya ufunguo. Nicolaus alikuwepo. Alimtazama mama yake kwa muda, akaenda kuwabebea mizigo.

Kazi ilipokwisha nilipata nyingine Bunda, mahali nisipomjua mtu. Nilikwenda kumuaga Mama Matrida, na kama kawaida yangu maneno yakanikwama. Hakusubiri niseme. Aliingia ndani, akatoka na sato mkavu amemfunga kwenye gazeti, akanitia mkononi. Hatukuonana tena; alifariki nikiwa huko. Maneno yake ya mwisho kwangu yalikuwa haya:

"Ukifika, usimle peke yako chumbani kwa aibu zako. Tafuta mwenyeji, mpigie hodi."